Mgonjwa wa Parkinson anaburuta mguu: mnakimbilia splinti mapema mno

#1 Mnyoosha_Viungo
Habari zenu wadau. Naleta hoja, atakayepinga apinge kwa vipimo.

Hapa Tanga mgonjwa wa Parkinson, ule ugonjwa wa ubongo unaotetemesha mwili na kupunguza kasi ya mwendo, akianza kuburuta mguu, neno la kwanza ni "mguu umelegea, tafuteni splinti". Ndugu wanachangishana, splinti ya plastiki ya kushikilia unyayo inapatikana, mwezi haujaisha imetundikwa nyuma ya mlango pamoja na mwavuli. Mimi nasema wengi wao unyayo haujalegea. Msuli mzima, mshipa wa fahamu mzima. Kilichopungua ni ukubwa wa amri inayotoka kwenye ubongo.

Pimeni hivi, haifiki dakika tano. Mgonjwa akae kwenye kiti kigumu, kisigino kisiondoke sakafuni, avute unyayo na vidole kuja juu. Weka kiganja juu ya unyayo wake umsukume chini. Mkitoshana nguvu, msuli wa mbele ya ugoko unafanya kazi. Kisha ashike ukingo wa meza atembee kwa visigino, hatua nne tano, wewe uko karibu naye. Anayefaulu yote mawili na bado akitembea anakwaruza sakafu, huyo si wa splinti. Mtazame mwendo: goti halipandi, mkono wa upande uleule haupungi, kisigino hakitangulii, unyayo mzima unatua kwa pamoja. Mwenye unyayo unaoning'inia kweli hufanya kinyume. Hunyanyua goti juu kama anavuka dimbwi, halafu unyayo unatua kwa kishindo, pa! Hata ukiwa chumba cha pili unamsikia.

#2 Bi_Makorora
Ahsante kwa somo. Huyu wetu ana miaka 67, mguu wa kulia peke yake. Kabla ya dawa ya asubuhi vidole vinajikunja, unyayo unageukia ndani, anasema unauma mpaka kwenye kigimbi. Akishameza, kama saa nzima hivi, unaachia. Mchana anakwenda vizuri, jioni unarudi. Yuko fungu gani?

#3 Tabibu_wa_Zamu
Shikamoo Bi. Huyo hayumo kwenye mafungu mawili ya #1, kuna la tatu. Huo ni mkakamao wa misuli unaokuja dawa inapokwisha mwilini. Dozi ya usiku imeisha, ya asubuhi haijafika, basi kigimbi na misuli ya ndani inavuta yenyewe. Ukimvalisha splinti ngumu saa hizo unabana mguu unaopigana, unatoka na malengelenge.

Wekeni daftari kwa siku kadhaa: saa aliyomeza, saa mguu ulipoachia, saa ulipoanza kuvuta tena, na alikula nini. Daktari akiliona ndipo atajua asogeze saa, agawe dozi, au aangalie ya usiku. Msibadilishe wenyewe. Levodopa, ndiyo dawa yenyewe ya Parkinson, imezwe nusu saa kabla ya kula, au saa moja na zaidi baada ya kula, maana protini ya chakula inagombea nayo njia ileile ya kuingia damuni na kwenye ubongo. Mtu anameza kidonge huku anakunywa supu ya pweza, halafu mnasema dawa ni feki. Vidonge vya madini ya chuma navyo viachane nayo kwa saa mbili angalau.

#4 Kisosora_Boy
Kumbe mchawi ni pweza. Tanga tumekwisha.

#5 Tabibu_wa_Zamu
Pweza aliwe, tena ashushiwe na ugali. Saa tu ndiyo ibadilike.

#6 Fundi_wa_Plastiki
Mnyoosha, nakuunga mkono nusu na nusu nakupinga. Unasema "splinti" utadhani ni kitu kimoja.

Kuna ile nyembamba ya nyuma, plastiki ya polipropilini ya milimita 3 hivi, iliyokatwa ikapita nyuma ya vifundo. Hiyo inapinda. Mguu ukiwa hewani inanyanyua unyayo, mguu ukiwa chini inaruhusu goti kwenda mbele. Kuna ile nene inayofunika vifundo pande zote, hiyo haipindi. Sasa mgonjwa wa Parkinson tayari huwa anavutwa nyuma. Umfungie kifundo kwenye nyuzi 90, hawezi kupeleka goti mbele ya vidole, na goti lisipokwenda mbele hakuna kunyanyuka kwenye kiti. Anapanda nusu, anarudi chini kwa makalio. Ndizo hizo zinazoishia nyuma ya mlango.

Kwa mwenye Parkinson ambaye unyayo pia umelegea kweli, nyembamba inamfaa. Soksi ndefu ya pamba isiyo na mshono mnene. Kiatu cha kufunga, kilichozidi saizi nusu hadi moja, soli ya ndani itolewe. Siku ya kwanza saa moja tu, vua, angalia ngozi. Wekundu usiofutika ndani ya nusu saa maana yake inabana. Irudi kwa fundi ipashwe moto isukumwe, msiweke pamba mkadhani mmetibu. Angalieni kifundo cha nje, chini ya kidole kidogo, na ukingo wa juu. Ukingo huo uishie vidole viwili au zaidi chini ya ile nundu ya mfupa iliyo upande wa nje chini ya goti. Hapo kwenye nundu mshipa wa kunyanyua unyayo umepita juujuu chini ya ngozi, na ukiubana unautengeneza ugonjwa uleule uliokuja kuutibu.

Na mtafute fundi aliyesomea. TATCOT, chuo cha mafundi wa splinti na viungo bandia, iko Moshi jirani na hospitali ya KCMC tangu 1981, wanafunzi wake wametapakaa nchi nzima. Kwa hapa anzeni hospitali ya Bombo, ndiyo rufaa ya mkoa. Wa Bagamoyo wako karibu na hospitali ya CCBRT ya Dar.

#7 Mnyoosha_Viungo
Fundi, tunakubaliana kuliko unavyodhani. Ila hiyo nyembamba ya kupimwa wangapi wanaipata? Wengi wanauziwa ya saizi moja iliyotoka kwenye boksi, mguu ndio unatafuta namna ya kuingia.

#8 Kano_na_Mshipa
Mnagombea kiatu kabla hamjauliza mshipa umeharibiwa na nini. Parkinson yenyewe haiui mshipa wa mguuni. Kwa hiyo kipimo cha #1 kikionyesha unyayo umelegea kweli, kuna sababu ya pili, itafuteni.

Endeleeni na kipimo. Mgonjwa bado amekaa, ageuze unyayo kwenda ndani dhidi ya mkono wako, kisha kwenda nje. Ndani ana nguvu, nje hana: shuku mshipa umebanwa pale kwenye nundu aliyoitaja Fundi. Humpata mtu aliyekonda sana, na Parkinson inakondesha, mafuta ya kukinga mshipa yanaisha. Humpata anayekunja nne saa nzima barazani, na anayechuchumaa kwa muda mrefu, kama kina mama wanaofunga mbegu za mwani. Ndani hana nguvu, nje hana, kidole gumba hakipandi, na maumivu yanashuka kutoka kiunoni: angalia pingili za chini, mzizi wa mshipa wa fahamu unaoitwa L5, wa pingili ya tano ya kiuno. Miguu yote miwili na ganzi iliyopanda pole pole kama soksi: sukari. Baka la ngozi lisilosikia, na mshipa pale kwenye nundu umenenepa mpaka unashikika kwa vidole: ukoma, msicheke, bado upo, na dawa zake ni bure. Ulegevu uliokuja saa chache baada ya sindano ya makalio: mshipa mkubwa wa nyonga umechomwa. Na kitu kilichoanza ghafla pamoja na mkono au mdomo upande huohuo ni kiharusi, hapo funga uzi huu uende hospitali sasa hivi.

#9 Raskazone_Upepo
Umesahau vitamini B12. Wanaotumia levodopa miaka mingi, hasa dozi kubwa, wanapatikana na ganzi ya miguu na B12 iliyoshuka. Ukiongeza metformini ya sukari, nayo inashusha B12. Kabla ya splinti pima hiyo, inatibika kwa vidonge au sindano.

#10 Tabibu_wa_Zamu
Kupima sawa, ila usiseme levodopa ndiyo mkosaji. Hilo bado linabishaniwa: wengine wanasema dawa, wengine umri na lishe, wengine ugonjwa wenyewe unagusa mishipa midogo. Watu wasije wakaacha dawa kwa kuogopa ganzi, wakaganda kitandani.

#11 Mzee_wa_Chumbageni
Vijana mnajisumbua. Parkinson ni ugonjwa wa Wazungu, huku ni uzee tu. Na tangu zamani upupu upo, una dawa hiyohiyo ya kwenu.

#12 Kano_na_Mshipa
Shikamoo mzee. La kwanza hapana. Utafiti wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, uliochapishwa 2008, ulipita nyumba kwa nyumba. Wagonjwa walikuwepo, na wengi wao hawakuwahi kuambiwa ugonjwa wao wala kupewa dawa. Walikuwa wakiitwa wazee tu, kama unavyowaita wewe.

La pili una haki nusu. Mbegu za upupu zina levodopa ya kweli, kiasi cha asilimia 4 hadi 6 ya uzito. Shida ziko tatu. Mbegu hii na ile hazilingani. Haina kabidopa, ile inayozuia levodopa isigeuzwe njiani kabla ya ubongo, hivyo kichefuchefu na kushuka kwa presha vinakuwa vikubwa. Na mgonjwa akiwa tayari kwenye vidonge, unampa dozi juu ya dozi, anaanza kupinda mwili na kuchezesha kichwa bila kutaka.

#13 Kisosora_Boy
Umesahau ya nne: nani anakwenda kuuchuma? 😂

#14 Bi_Makorora
Tuacheni upupu. Huyu wetu akifika mlangoni anaganda. Chumbani anatembea, kizingiti akikiona tu miguu imeshikwa na sakafu. Tunamvuta, hatoki.

#15 Mnyoosha_Viungo
Bi, kwanza msimvute. Ukimvuta kiwiliwili kinakuja, miguu inabaki, ndiyo anguko lenyewe. Mwambie asimame kabisa, aache kujaribu. Anyooshe mgongo, ashushe pumzi. Ahamishe uzito kushoto, kulia, kushoto. Mguu uliobaki mwepesi ndio unatoka, hatua moja kubwa, kisigino mbele. Ikishindikana, weka mguu wako mbele ya wake umkingame, mwambie auruke. Mara nyingi anavuka palepale, watu wanashangaa.

Kwa mlango wa kila siku tumieni mistari. Utepe wa rangi inayopingana na sakafu: sakafu nyekundu utepe mweupe, marumaru nyeupe utepe mweusi, usiwe wa kung'aa. Upana sentimita 5, urefu 60 au zaidi, nafasi kati ya mstari na mstari sentimita 40 hadi 50 kufuatana na urefu wa mtu. Anzeni mita moja kabla ya mlango, mwendelee mita moja baada yake. Wengi wanaishia kwenye kizingiti, basi mgonjwa naye anaishia palepale. Anakanyaga kuvuka mstari, si juu ya mstari.

Kugeuka nako: asizunguke kwa kisigino papo hapo. Apite kwa upana, nusu duara. Na asiulizwe swali wala kupewa kikombe cha chai mkononi akiwa njiani.

#16 Raskazone_Upepo
Mkeka wa ukindu wenye mistari ya rangi ukiulaza mistari ikakingama njia, kazi ileile bila gharama.

#17 Fundi_wa_Plastiki
Na ukingo wake unajikunja juu, unyayo unaoburuta unaingia chini yake. Mkeka utoke njiani kabisa. Utepe au rangi ya mafuta.

#18 Fundi_Viatu_Bara12
Niingie na mimi, maana wateja hawa nawashona. Ndala hapana. Ndala inataka vidole viishike, na vidole vya wagonjwa hawa ama havishiki ama vinashika kupita kiasi. Makubazi ni mazuri yakiongezwa ukanda wa kisigino wenye bakoli. Katambuga nzito mno kwa mguu usiopanda. Soli ya mpira laini sana inanata kwenye marumaru, mguu unasimama mwili unaendelea. Ninachofanya ni kubandika kipande cha ngozi ngumu chini ya ncha ya kiatu, sentimita 3 mpaka 4 kutoka mbele, nakwangua kingo zake. Ncha ikigusa sakafu inateleza badala ya kukwama. Nyuma mpira ubaki ule ule wa kushika.

Kwa anayehitaji kunyanyuliwa unyayo lakini splinti hana, kuna kamba ya tyubu. Mkanda wa ngozi upana sentimita 4, ndani sponji, unafungwa juu ya vifundo, usikaze, kidole kipite. Mbele yake pete mbili. Kata tyubu ya ndani ya baiskeli vipande viwili vya upana wa sentimita 2, kimoja kila pete, vishuke kwenye matundu ya kamba za kiatu karibu na vidole. Mtu amekaa, unyayo umesimama nyuzi 90, tyubu imekazwa kidogo tu. Kile cha upande wa nje kikaze zaidi, unyayo usigeukie ndani. Tyubu ikianza nyufa badilisha, isisubiri ikakatike barabarani.

#19 Tabibu_wa_Zamu
Hii ni nzuri. Ila mwenye sukari asiyesikia miguu asifungwe mkanda huo bila kuangaliwa ngozi kila jioni.

#20 Mzee_wa_Chumbageni
Na baiskeli? Jirani yangu anatetemeka, kutembea hawezi, akipanda baiskeli anakwenda mpaka Sahare na kurudi. Nikisema uzee mnanicheka.

#21 Kano_na_Mshipa
Mzee hapo umepiga penyewe. Mwaka 2010 madaktari wa Nijmegen, Uholanzi, walieleza mtu wa miaka 58 aliyekuwa anaganda baada ya hatua chache, lakini baiskeli anaendesha barabarani bila shida. Sababu haijafungwa: wengine wanasema pedali zinampa mdundo wa nje, wengine wanasema baiskeli inatumia njia nyingine ya ubongo. Hatari iko kwenye kupanda na kushuka. Ukitaka mazoezi tu, baiskeli hizi zetu nzito zina stendi ya nyuma inayoinua tairi: iegemeze ukutani, fungia unyayo kwenye pedali kwa mkanda mpana, apige dakika 20.

#22 Ngoma_Bagamoyo
Bagamoyo tunatumia ngoma. Mpige dufu taratibu, mgonjwa anafuata, hatua zinarefuka zenyewe. Kadiri mdundo unavyoongezeka ndivyo anavyochangamka.

#23 Mnyoosha_Viungo
Ngoma naam, kuongeza hapana kwa kila mtu. Hesabu hatua zake za dakika moja anapokwenda kawaida, tuseme 100. Asiyeganda mpe mdundo wa 100 hadi 110. Anayeganda mshushie, 90 hivi. Ukimwongezea anayeganda, hatua zinafupika, anaanza kukimbilia mbele, mwisho anasimama kwa uso.

#24 Ngoma_Bagamoyo
Wetu wanaoganda wanafuata dufu la kasi vizuri tu. Labda dufu lina nafasi kati ya pigo na pigo, kengele ya simu ya kupigia mdundo haina.

#25 Raskazone_Upepo
Fremu ya kutembelea je? Tumepewa ile ya miguu minne bila magurudumu.

#26 Fundi_wa_Plastiki
Kwa anayeganda hiyo ni adha. Nyanyua, weka, piga hatua: amri tatu kwa ubongo unaohangaika na moja. Ya magurudumu mawili mbele ni afadhali, lakini kwa anayekimbilia mbele nayo inamkimbia. Kwa huyo tafuta yenye breki zinazoachia ukizibana na kushika ukiachia. Bakora ya miguu mitatu inajikwaa na miguu yake mwenyewe. Bakora ya kawaida ifike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono akiwa amevaa viatu, kiwiko kipinde kidogo, ishikwe upande wa mguu mzima, na ule mpira wa chini ubadilishwe ukilika.

#27 Tabibu_wa_Zamu
Kabla hamjanunua lolote kati ya hayo, pimeni presha. Amelala dakika tano, kisha amesimama dakika ya kwanza na ya tatu. Ya juu ikishuka 20 au ya chini 10, baadhi ya maanguko mnayoyaita ya mguu ni ya presha. Hasa anapotoka kwenye sijda. Aswali kwenye kiti. Na kagueni mfuko wa dawa: Plasil ya kichefuchefu, haloperidoli, prometazini, sinarizini ya kizunguzungu, zote zinazidisha Parkinson au kuigiza. Kichefuchefu cha levodopa muulizeni daktari kuhusu domperidoni.

#28 Bi_Makorora
Nimempima sasa hivi, kabla ya dawa ya jioni. Kuvuta juu anaweza ila anachoka upesi. Kwenda ndani ana nguvu. Kwenda nje ananishinda kidogo kwa mguu wa kushoto, kwa wa kulia namshinda mimi. Na kweli anakunja nne, wa kulia juu.

#29 Kano_na_Mshipa
Nundu hiyo! Mshipa umebanwa.

#30 Mnyoosha_Viungo
Taratibu. Amepimwa dawa imeisha, na unyayo wake unavutwa ndani na mkakamao, lazima kwenda nje aonekane dhaifu.

#31 Raskazone_Upepo
B12 bado hamjapima.

#32 Tabibu_wa_Zamu
Bi, rudia kipimo hichohicho kesho, saa moja baada ya dawa, mguu wa kulia na wa kushoto, uandike. Nguvu ya kwenda nje ikirudi, ni dawa na saa zake. Isiporudi, gusa kwa pamba juu ya unyayo na upande wa nje wa ugoko uone kama anasikia sawa pande zote, kisha mpelekeni apimwe mshipa. Kunja nne aache leo.

#33 Fundi_Viatu_Bara12
Na mimi nangoja majibu kabla sijakata tyubu. Anavaa saizi gani, Bi?

#34 Bi_Makorora
Arobaini na mbili. Mguu wa kulia umevimba kidogo, labda na tatu.

#35 Tabibu_wa_Zamu
Umevimba tangu lini?